Kiu Itatangulia Bahari

Mwishoni mwa Septemba 2011 serikali ya Tuvalu, nchi ya visiwa vidogo katika Pasifiki, ilitangaza hali ya dharura. Kisiwani Funafuti, makao makuu ya nchi, kila nyumba ilipangiwa ndoo mbili za maji kwa siku, yaani lita 40, za kunywa, kupikia, kuogea na kufulia, hata kama nyumba ina watu wanane. Nukulaelae, kusini zaidi, hali ilikuwa hivyo hivyo. Australia na New Zealand zikapeleka mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari.

Hakuna nyumba iliyokuwa imezama. Bahari ilikuwa pale pale ilipokuwa mwezi uliotangulia. Kilichokosekana ni mvua, basi.

Ndoo hizo mbili hazijaniondoka akilini kwa wiki kadhaa sasa. Kila ninaposoma habari za nchi zilizo karibu na usawa wa bahari, yaani Tuvalu, Kiribati, Maldives na Visiwa vya Marshall, nakuta swali lile lile: zitazama lini? Picha zinazoambatana na swali hilo ni za minazi iliyosimama ndani ya maji. Kadiri ninavyozidi kusoma kazi za wataalamu wa maji, ndivyo ninavyoona kwamba saa tunayoitazama siyo. Mtu haondoki kisiwani siku ardhi inapofunikwa. Anaondoka siku kisima kinapokuwa hakinyweki na tangi limekauka, na siku hiyo inaweza kufika ardhi ikiwa bado ipo yote.

## Visiwa ambavyo havikupungua

Kuna utafiti mmoja ulionifanya nisite. Mwaka 2018 wanasayansi waliolinganisha picha za anga na za satelaiti za visiwa vyote 101 vya Tuvalu, kuanzia 1971 hadi 2014, walikuta kwamba ardhi ya nchi hiyo kwa jumla iliongezeka hekta 73 hivi, sawa na asilimia 2.9. Na miaka hiyo bahari ya pale ilikuwa ikipanda kwa kasi kuliko wastani wa dunia.

Wasiotaka kusikia habari za tabianchi walilishangilia tokeo hilo. Wengine waliliepuka.

Hakuna haja ya kuliepuka, kwa sababu linaeleweka. Kisiwa cha atoli, yaani cha pete ya miamba ya matumbawe, ni lundo la mchanga na vipande vya matumbawe juu ya mwamba ulio hai. Mwamba huzalisha mchanga kila mwaka, na mawimbi ya dhoruba huurusha juu ya kisiwa. Upande mmoja hulika, upande mwingine hujaa. Kisiwa kinahama, na pengine kinanenepa. Madhali matumbawe yako hai, kazi hiyo inaendelea.

Lakini wimbi linalopandisha mchanga juu ya kisiwa ndilo hilo hilo linalopandisha maji ya chumvi.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipogeuka. Hekta hazitoshi kusema kama mahali panakalika. Swali ni nini kilichopo chini ya hekta hizo.

## Maji yanayoelea

Lita moja ya maji baridi ina uzito wa gramu 1,000. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi. Kwa tofauti hiyo ya gramu 25 watu wameweza kuishi kwenye atoli kwa karne nyingi.

Mvua ikinyesha kwenye mchanga hupenya hadi ikutane na maji ya bahari yaliyojaa chini ya kisiwa, na kwa kuwa ni nyepesi, huelea juu yake. Huelea kama jahazi lililopakia shehena: sehemu ndogo iko juu, kubwa imezama. Gawanya 1,000 kwa 25 utapata 40, na hiyo ndiyo kanuni. Maji ya kisima yakisimama sentimita 30 juu ya usawa wa bahari, kinadharia chini yake kuna mita 12 za maji baridi.

Nasema kinadharia kwa sababu kwenye atoli mambo mawili huipunguza akiba hiyo. Kwanza, mpaka kati ya maji baridi na ya chumvi si mstari. Bahari ikijaa na kupwa, maji ya chini ya kisiwa nayo hupanda na kushuka, na kila mara huchanganyika kidogo, hata panakuwa na tabaka nene la maji ya chumvichumvi. Pili, mchanga laini huishia kwenye kina cha mita 15 hadi 25 hivi. Chini ya hapo kuna chokaa ya kale iliyojaa mashimo na mapango, na humo bahari hupita bila kizuizi. Akiba ya maji hukatwa hapo.

Halafu kuna upana. Kisiwa chembamba chini ya mita 250 hivi ni nadra kuhifadhi maji baridi msimu mzima wa kiangazi, kwa sababu mvua huvujia baharini pande zote mbili kabla haijajikusanya. Kwa hiyo bahari inayokula mita 30 za ufuo wa kisiwa chenye upana wa mita 280 imechukua zaidi ya mita 30.

Imechukua kisima.

## Sentimita moja juu, sentimita arobaini chini

Kanuni ya 40 hufanya kazi pande zote mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu.

Ukichimba kisima kirefu na kuweka pampu yenye nguvu, usawa wa maji unashuka pale ulipovuta. Ukishuka sentimita 10, chumvi iliyo chini inaweza kupanda hadi mita 4 ikitafuta uwiano mpya, na hupanda kama kichuguu chini ya bomba lako. Maji yanaendelea kutoka, ila yamebadilika ladha. Fundi asiyejua atasema kisima hakijafika kwenye maji mazuri, atakichimba zaidi, na atakuwa amekisogeza karibu na bahari.

Dawa yake ni kuvuta maji kidogo kidogo kwenye eneo pana. Bonriki, mwisho wa kusini mashariki wa atoli ya Tarawa huko Kiribati, maji ya mji hayatolewi kwa visima virefu. Yamelazwa mabomba yenye matundu, ya urefu wa mita 300 hivi, chini kidogo tu ya usawa wa maji, na katikati ya kila bomba pana pampu ndogo. Usawa unashuka kwa milimita badala ya sentimita.

Ufundi huo umewatosha kwa miaka mingi, lakini una sharti gumu: juu ya maji hayo asiishi mtu. Mchanga huo huchuja kidogo sana. Choo cha shimo, zizi la nguruwe au bustani yenye mbolea itaonekana ndani ya glasi baada ya siku chache. Ndiyo maana ardhi ya Bonriki na jirani yake Buota ilitengwa kuwa hifadhi ya maji, na ndiyo maana kumekuwa na mvutano usiokwisha na wenye ardhi. Kusini mwa Tarawa wanaishi zaidi ya watu 60,000 kwenye ukanda ambao sehemu nyingi unaweza kutembea kutoka ufuo mmoja hadi mwingine kwa dakika chache. Kumwambia mtu aache kiwanja chake ili wengine wanywe si jambo dogo. Siwezi kuwalaumu wanaokataa.

## Chumvi huingia kutoka juu

Nilidhani, na nadhani wengi hudhani hivyo, kwamba bahari ikipanda chumvi itasogea taratibu kutoka pembeni na chini. Si hivyo hasa. Bahari ikipanda, maji baridi nayo hunyanyuliwa pamoja nayo, na upana wa kisiwa usipobadilika akiba hubaki karibu ile ile. Hatari kubwa hutoka juu.

Mwishoni mwa Februari 2005 kimbunga Percy kilivuka Pukapuka, atoli ndogo kaskazini mwa Visiwa vya Cook. Mawimbi yalipanda juu ya kisiwa na maji ya bahari yakatuama katikati, kwenye mashimo ya majimbi.

Mashimo haya yanahitaji maelezo. Kwenye atoli watu huchimba katikati ya kisiwa hadi kufikia maji, wakajaza majani yaliyooza, wakapanda jimbi kubwa la kinamasi, lile ambalo Tuvalu huitwa pulaka na Kiribati babai. Shimo la namna hiyo ni kazi ya vizazi. Huchimbwa katikati kwa sababu ndipo tabaka la maji baridi lilipo nene zaidi. Kwa hiyo bahari ikivuka ufuo, hutuama mahali pa chini kabisa pa kisiwa, moja kwa moja juu ya akiba yote ya maji. Na kwa kuwa ni nzito, haikai juu. Inazama.

Pukapuka ilichukua miezi 11 maji ya chini kurudi kunyweka. Miezi 26 baadaye mabaki ya ile chumvi yalikuwa bado yanaonekana.

Weka tarakimu hizo pembeni, kisha tazama utafiti uliotolewa mwaka 2018 kuhusu kisiwa cha Roi-Namur, Visiwa vya Marshall. Watafiti hawakuuliza lini kisiwa kitafunikwa. Waliuliza lini mawimbi yatakuwa yanakivuka kila mwaka. Jibu lao: bahari ikipanda sentimita 40 hivi juu ya kiwango cha sasa, sehemu kubwa ya kisiwa itafurika kila mwaka, na kwa atoli nyingi maji ya chini yatakuwa hayanyweki ifikapo katikati ya karne hii au kabla yake.

Akiba inahitaji karibu mwaka mzima kunyweka tena, na zaidi ya miaka miwili kupona kabisa. Ikipigwa kila mwaka haiponi.

Sentimita 40 hazimzamishi mtu. Zinafika chini ya goti. Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda sentimita 20 hivi, na kasi imeongezeka tangu hapo.

Kuna kosa moja linalofanywa mara baada ya maji kuvuka, na linafanywa kwa nia njema: kupiga pampu kisima kwa nguvu ili kukisafisha. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 hilo lilifanyika sana mashariki mwa Sri Lanka. Kisima kinavutwa hadi kikauke, kinajaa tena, kinavutwa tena, na kila mara chumvi inanyanyuliwa kutoka chini. Inayofaa ni kutoa maji yake mara moja tu, kwa upole, kuondoa matope na uchafu, kumwaga maji hayo mbali, kisha kuiachia mvua kazi iliyobaki. Kwenye shimo la majimbi, maji ya bahari yatolewe siku ile ile kabla hayajazama. Ukichelewa wiki moja umechelewa kabisa.

## Hesabu ya paa

Mtu atasema: basi wanywe mvua. Tuvalu hufanya hivyo. Funafuti, ambako maji ya chini yamekwisha kuharibika, mvua ndiyo maji ya kunywa, na kwa mwaka wa kawaida hunyesha takriban milimita 3,500. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, toa asilimia 20 ya kumwagika na kukauka. Paa la mita za mraba 60, mwezi wa milimita 200, litatoa lita 9,600. Tangi la lita 10,000 limekaribia kujaa.

Sasa geuza hesabu. Watu sita wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku, tangi hilo likiwa limejaa linaisha siku ya 42. Wakijibana hadi lita 15, za kunywa na kupikia tu, litafika siku ya 111. Ukame wa miezi sita unahitaji lita 16,200 hata kwa kujibana hivyo, na ukame wa 2011, uliofuata hali ya La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Pasifiki ya kati, ulikuwa wa miezi.

Na mara nyingi tangi halikujaa tangu mwanzo. Gata zimefungwa upande mmoja tu wa paa, na nusu ya mvua inaanguka chini. Vishikizo vya chuma vimeliwa na hewa ya chumvi, gata imelegea katikati, maji yanamwagika kwenye kiungio badala ya kufika bombani. Tangi limewekwa juu ya mchanga mtupu. Likijaa lina uzito wa tani 10, mchanga unatitia upande mmoja, na ufa unatokea pale bomba la kutolea maji linapoungana na tangi, chini kabisa, mahali panapomwaga kila kitu. Hakuna kifaa cha kumwaga maji ya kwanza ya mvua, lita 30 hadi 60 kwa paa kama hilo, kwa hiyo kinyesi cha ndege kinaingia na watu wanaacha kuyaamini maji yao wenyewe.

Haya yote yanarekebishika kwa saruji na vishikizo vya plastiki. Nashangaa jinsi fedha za tabianchi zinavyopata njia ya kufika kwenye kuta za bahari haraka kuliko kwenye gata.

## Malé

Maldives walichagua njia nyingine. Malé ni mji mkuu uliojaa kisiwa kizima, umezungushiwa ukuta uliojengwa kwa msaada wa Japani baada ya mawimbi makubwa ya 1987, na maji yake ya chini yalikwisha kuharibika kwa kuvutwa kupita kiasi na kwa maji taka. Tangu miaka ya mwisho ya 1980 mji unakunywa bahari iliyochujwa chumvi.

Tarehe 4 Desemba 2014 moto uliunguza sehemu ya mtambo huo. Watu zaidi ya 100,000 wakakosa maji ya bomba kwa siku kadhaa, na India ikapeleka maji kwa ndege na meli.

Mtambo mmoja, moto mmoja.

Siipingi mitambo hii. Kiribati nayo imeanza safari hiyo, kwa mradi wa kusini mwa Tarawa uliopangwa kutoa mita za ujazo 4,000 kwa siku na kusaidiwa na umeme wa jua. Lakini kila mita ya ujazo hula kilowati-saa 3 hadi 4, tando za kuchujia huziba na kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kipuri kikiharibika kinasubiri meli. Nchi inayokunywa hivyo inaishi kwa bajeti yake, na bajeti ya nchi kama Kiribati na Tuvalu inategemea kwa kiasi kikubwa leseni za kuvua jodari na misaada.

Kuinua ardhi nako hakuleti maji. Tuvalu imemwaga mchanga wa baharini na kupata ardhi mpya Funafuti, urefu wa mita 780 na upana wa mita 100, iliyonyanyuliwa kuepuka mafuriko hata baada ya 2100. Ni kazi nzuri. Wakazi wake watakunywa kutoka matangini na mitamboni.

## Miaka kumi hadi kumi na mitano

Ioane Teitiota wa Kiribati aliomba hifadhi New Zealand, akakataliwa mahakama zote, akarudishwa kwao Septemba 2015. Shauri lake lilifika kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na uamuzi ulitangazwa Januari 2020. Kamati ilikubali kimsingi kwamba nchi inaweza kukatazwa kumrudisha mtu mahali ambapo tabianchi inahatarisha uhai wake. Yeye mwenyewe alishindwa.

Alishindwa kwa maji. Kamati ilisema hakuleta ushahidi wa kutosha kwamba maji baridi hayapatikani, hayatoshi au si salama. Ikaongeza kwamba muda wa miaka 10 hadi 15 alioueleza, kabla nchi haijawa isiyokalika, ungeipa Kiribati, kwa msaada wa mataifa, nafasi ya kuchukua hatua.

Wajumbe wawili walipinga. Mmoja wao ni Mganda, Duncan Laki Muhumuza, aliyeandika kwamba kumrudisha mtu huyu ni kama kumlazimisha anayezama arudi chomboni kinachozama, kwa hoja kwamba humo wamo abiria wengine. Nakubaliana naye. Kwamba majirani zako nao wana kiu si ushahidi kwamba huna kiu.

Hesabu miaka 15 kutoka 2015.

Sheria imesogea tangu hapo. Katiba ya Tuvalu ya 2023 inasema dola itaendelea kuwapo hata ardhi ikipotea. Mkataba wake na Australia unafungua mlango kwa watu 280 kwa mwaka, na mwaka 2025, awamu ya kwanza ya bahati nasibu yake, majina zaidi ya 8,000 yalijiandikisha pamoja na wanafamilia, katika nchi ya watu 11,000 hivi. Watu wenyewe wamekwisha kujibu swali la lini.

Lakini atakayefungua shauri linalofuata, awe wa Tarawa au wa kwingine, ataulizwa lile lile: vipimo vya maji viko wapi? Na kwingine ni pamoja na kwetu. Vijiji vya uwanda wa mawe mashariki mwa Unguja vinakunywa maji yanayoelea kwa kanuni hii hii, na mji wa Lamu unategemea maji yaliyo chini ya machuguu ya mchanga ya Shela.

Kupima si kazi ngumu, ila ina utaratibu wake. Kipimo cha upitishaji umeme wa maji (chumvi ikizidi, umeme hupita zaidi) kisawazishwe kwanza kwa myeyuko wa maikrosimensi 1,413 kwa sentimita. Maji ya bahari husoma karibu 50,000. Kwenye atoli za Pasifiki kikomo cha maji baridi huwekwa 2,500, kwa hiyo sehemu 5 za bahari kati ya 100 zinatosha kuharibu kisima. Pima kisima kile kile, wakati ule ule wa kujaa na kupwa, bamvua (siku za maji makubwa) kwa bamvua, kabla pampu haijawashwa, wala si asubuhi ya baada ya mvua, kwa sababu maji mapya ya juu yatakudanganya. Andika kina cha maji, mvua ya mwezi, na siku ambazo watu walipewa maji kwa mgao. Penye fedha, chimba tundu la uchunguzi na uweke ndani yake mabomba membamba yanayoishia kina tofauti, kila moja likizibwa kwa udongo wa mfinyanzi lisiwasiliane na jingine. Tundu lililoachwa wazi huchanganya maji na kutoa jibu la uongo. Kisha fanya hivyo kila mwezi, na nakala ya daftari iwekwe mahali ambapo bahari haifiki.